Nani aongoze fedha za asasi yenu: meneja wa kuajiriwa, kampuni ya nje, au mhasibu mliye naye?

Kila mwaka unapoelekea ukingoni na bajeti mpya zinaanza kuandikwa, napigiwa simu za aina moja. Mwenyekiti wa bodi ya asasi ndogo ananieleza kwamba ruzuku zimeongezeka, mhasibu amezidiwa, mkaguzi wa nje ameacha barua yenye hoja nyingi, na sasa wanatafuta mtu wa kuongoza fedha. Kisha anataja njia tatu. Wengine kwenye bodi wanataka kutangaza nafasi na kuajiri meneja wa fedha mwenye CPA (cheti cha juu cha uhasibu). Wengine wanataka mkataba na kampuni ya uhasibu ambayo ingetuma mtu siku chache kila mwezi. Na kuna mjumbe mmoja, aghalabu yule aliyekaa muda mrefu kuliko wote, anayeuliza kwa nini wasimpandishe tu binti aliyepo, yaani mhasibu wao.

Nimefanya kazi hii kwa njia zote tatu, hapahapa Tanzania Bara. Nitazilinganisha kwa mambo matano yaliyonipa taabu zaidi. Asasi ninayoifikiria ina watumishi kati ya 6 na 25, wafadhili wawili hadi watano, na bajeti isiyozidi shilingi bilioni 1.5 au karibu na hapo. Kama ninyi ni wadogo kuliko hivyo, mhasibu mmoja makini na mweka hazina anayesoma taarifa ya benki kila mwezi wanawatosha. Kama ni wakubwa zaidi, ajirini meneja.

Kabla ya kulinganisha, tutenganishe kazi mbili ambazo matangazo mengi ya ajira huzichanganya. Kuandika vocha, kuingiza miamala kwenye leja, kufanya usuluhishi wa benki (kulinganisha leja na taarifa ya benki), kufuatilia masurufu yasiyorejeshwa (fedha walizotangulizwa watumishi kwa ajili ya kazi) na kuandaa mishahara ni uhasibu. Kuongoza fedha ni kujua mwezi Machi kwamba ifikapo Septemba watumishi watatu hawatakuwa na mradi wa kuwalipa, na kulisema hilo mwezi huohuo wa Machi. Ni kumwambia mkurugenzi kwamba ruzuku aliyoipata kwa jasho haina senti ya kodi ya pango, kwa hiyo itaitafuna asasi badala ya kuilisha. Bodi ikishajua ni ipi kati ya kazi hizi imelala, nusu ya uamuzi imepatikana.

Tarehe 7 ya kila mwezi

Wengi huanza asasi wakiamini kwamba hati ya usajili inawaondoa kwenye kodi. Haiwaondoi. Hadhi ya taasisi ya hisani huombwa TRA, mamlaka ya mapato, chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, na hata ukiipata, PAYE (kodi inayokatwa kwenye mishahara) ya watumishi wako iko palepale. PAYE na kodi ya zuio (unayoikata kwenye malipo ya watu kama watoa huduma) zinatakiwa ziwe zimelipwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Kuna michango ya NSSF, asilimia 20 ya mshahara kwa jumla ya pande mbili. Kuna makato ya HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, asilimia 15, kwa kila mtumishi aliyesoma kwa mkopo. Kuna WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) kwa wenye watumishi kumi au zaidi wasio na msamaha. Juu ya hayo, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 inadai taarifa ya shughuli na hesabu zilizokaguliwa kila mwaka, na kanuni za 2018 zikaongeza kwamba mkataba wa fedha inayozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe ndani ya siku 10 baada ya kusainiwa.

Kwa mambo haya kampuni ya nje inashinda, tena kwa mbali. Ina kalenda, ina watu kadhaa wanaojua kazi yenu, na mmoja akiugua mwingine anashika. Meneja wa kuajiriwa anaweza kuyafanya vizuri vilevile, ila mtakuwa mnamlipa mtu wa bei kubwa kujaza fomu. Mhasibu wenu anayaweza pia, mpaka wiki ile atakayokuwa wilayani kuhakiki orodha za posho za semina huku mtandao haushiki.

Likizo nayo huamua mengi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa mtumishi siku 28 mfululizo kwa mwaka. Kwenye chumba cha fedha likizo hiyo ni kinga, kwa sababu mtu mwingine anakaa kwenye kile kiti, anafungua yale mafaili, anapokea zile simu za wauzaji. Mhasibu ambaye hajachukua likizo miaka mitatu kwa sababu "hakuna wa kumshikia" anawaweka ninyi na yeye mwenyewe pabaya, hata kama ni mwaminifu kama malaika. Mkichagua njia ya kwanza au ya tatu, jibuni kabisa ni nani atakayekaa pale siku hizo 28.

Bei, ikiwa pamoja na zile zisizoandikwa kwenye tangazo

Namba zifuatazo ni za mfano, wekeni zenu.

Meneja wa shilingi milioni 2.5 kwa mwezi anachukua milioni 30 kwa mwaka. Ongeza asilimia 10 ya NSSF upande wa mwajiri, imekuwa milioni 33, kabla ya SDL, WCF na bima ya afya. Kampuni ya nje inayotoza milioni 1 kwa mwezi inaonekana rahisi mno, lakini ikiwa imesajiliwa VAT, mnaongeza asilimia 18 kwa kiwango cha kawaida, ambayo asasi nyingi hazina namna ya kuirudisha: milioni 14.16 kwa mwaka. Msisahau kuzuia asilimia 5 ya ada yao kabla ya VAT na kuipeleka TRA. Nimeona kampuni ya uhasibu ikilipwa ada kamili mwaka mzima bila zuio, na mkaguzi wa kodi akaidai asasi.

Njia ya tatu huhesabiwa vibaya kuliko zote. Bodi inaangalia nyongeza ya laki sita kwa mwezi, inafurahi. Lakini binti akipanda, vocha zitaandikwa na nani? Asipowekwa msaidizi, ataongoza fedha kuanzia saa 11 jioni, baada ya kumaliza kazi yake ya zamani. Nyongeza ya laki sita na msaidizi wa laki saba, pamoja na NSSF ya mwajiri, ni kama milioni 17.2 kwa mwaka. Bado ni nafuu kuliko meneja, ila haijawa bure.

Fedha hiyo itoke wapi? Wafadhili hawapendi kulipia kiti hiki waziwazi. Ruzuku za Umoja wa Ulaya kwa kawaida huruhusu hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja kwa ajili ya gharama za uendeshaji. Serikali ya Marekani ilipandisha kiwango chake cha kawaida cha gharama hizo, kwa asasi ambazo hazijakubaliana nayo kiwango chao wenyewe, kutoka asilimia 10 hadi 15, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024. Sasa piga hesabu: mradi wenye gharama za moja kwa moja za milioni 300 ukikupa asilimia 7, una milioni 21. Hiyo inalipa pango, umeme, intaneti, mlinzi, ada ya ukaguzi. Meneja wa milioni 33 haingii humo. Ataingia tu kama sehemu ya mshahara wake imeandikwa ndani ya bajeti ya kila ruzuku, na yeye anajaza karatasi za muda wa kazi kwa kweli kila wiki, zikionyesha alifanyia mradi upi. Kugawa mshahara kwa asilimia za kukadiria mwisho wa mwaka ni gharama itakayokataliwa.

Shilingi inapogeuka

Katikati ya 2024 dola moja ilinunuliwa kwa zaidi ya shilingi 2,600, na baadaye ikapita 2,700. Kabla mwaka haujaisha shilingi ilikuwa imepanda kwa kasi hadi kwenye kiwango cha 2,400. Asasi iliyoandika bajeti ya dola 50,000 kwa 2,700 ilitarajia milioni 135. Iliyobadilisha kwa 2,400 ilipata milioni 120. Milioni 15 hazikuibwa na mtu, lakini visima, au semina, au mishahara ya miezi miwili, vilikuwa vimeshaahidiwa.

Kampuni ya nje iliiandika hasara hiyo kwa usahihi mwezi uliofuata. Meneja mzuri alikuwa ameshamwomba mfadhili ruhusa ya kupanga upya bajeti, au alikuwa amebadilisha fedha kidogo kidogo kulingana na matumizi ya kila robo. Na mhasibu wa ndani? Mara nyingi yeye ndiye aliyeona wa kwanza kabisa, kwa sababu ndiye aliyekuwa akienda benki. Hakusema, maana kwenye kikao cha menejimenti hakuwa na kiti. Ndiyo sababu siwi mwepesi wa kukubali bodi inaponiambia "wetu hana upeo". Upeo mara nyingi unakuja na kuitwa kikaoni.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi

Sehemu hii naiandika kwa uzito, kwa sababu nilikuwamo.

Mwaka wangu wa tatu wa uhasibu, asasi niliyokuwa naifanyia kazi ilinipandisha kuwa mkuu wa fedha. Barua ilikuja na nyongeza ya mshahara na cheo kipya, basi. Mkurugenzi ndiye aliyenitoa kwenye ukarani. Ndiye aliyenilipia ada ya mtihani wangu wa kwanza wa NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu. Nyumbani kwake nilikula Idi mara mbili. Ijumaa moja aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango.

"Mwanangu, fedha ya mradi wa afya haijaingia na mishahara ni leo. Tuazime kwenye ule wa maji. Wiki ijayo tunarudisha."

"Mzee, ule wa maji una akaunti yake na mkataba wake."

"Najua. Wiki moja tu. Watu wana watoto shuleni."

"Sawa, mzee."

Nikaandika vocha. Fedha ya afya ilichelewa wiki kumi na moja. Katikati ya muda huo mfadhili wa maji alileta wakaguzi wake, na mishahara isiyo ya mradi wao ikaonekana mchana kweupe. Walizikataa gharama zile, asasi ikazirudisha kutoka kwenye akiba yake ndogo, na akiba ikaisha. Hakuna aliyekula hata shilingi. Watumishi walilipwa haki yao. Hata hivyo mkataba wa maji haukuongezwa, na vijiji viwili vilivyokuwa kwenye awamu ya pili havikuchimbiwa kisima na sisi.

Kanuni nilikuwa nazijua zote. Mweka hazina wa bodi ndiye niliyekuwa simjui. Nilikuwa sijawahi kuzungumza naye ana kwa ana, na taarifa zangu zote zilipita mezani kwa mkurugenzi kwanza. Siku ile sikuwa na mahali pa kulipeleka neno "haiwezekani" zaidi ya kwa mtu yuleyule aliyeniita mwanangu.

Weka njia nyingine mbili kwenye Ijumaa hiyohiyo. Kampuni ya nje isingekuwapo. Ingekuja tarehe 10, ingekuta vocha, ingeiandika kwenye barua yake kwa bodi bila woga wowote, na fedha ingekuwa imeshatoka siku nyingi. Kuna namna ya kuiweka kampuni mlangoni, kwa kuipa jukumu la kupitia malipo makubwa kabla hayajatoka benki, lakini hilo liandikwe kwenye mkataba na lilipiwe. Meneja aliyeajiriwa kutoka nje angekuwa na nafasi nzuri zaidi ya kukataa. Hana deni la hisani kwa mkurugenzi, na ana usajili wake wa NBAA wa kuulinda, ambao ukimponyoka kwa utovu wa maadili ndiyo kazi imekwisha. Nisitie chumvi, lakini: mwaka mmoja wa kula pamoja, misiba na harusi, na yeye atakuwa mwana wa nyumbani. Kinga ya kweli iko kwenye barua ya uteuzi, kwamba mkuu wa fedha anapeleka taarifa kwa mweka hazina moja kwa moja kila robo mwaka, wanakutana wawili bila mkurugenzi angalau mara mbili kwa mwaka, na hawezi kuachishwa kazi bila bodi kukaa. Mkiweka hayo, hata binti aliyepandishwa atasimama. Msipoweka, hata CPA mwenye miaka ishirini atainama.

Mfadhili anapoondoka

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai mwaka huo USAID haikuwapo tena kama shirika linalojitegemea. Asasi nyingi za huku zilipokea barua za kusimamisha kazi ndani ya siku chache. Ambapo mshahara wa meneja wa fedha ulibebwa wote na mradi mmoja, meneja aliondoka na mradi, wakati ule ule ambao asasi ilihitaji mtu wa kufunga hesabu, kudai fedha zilizotumika na kujibu maswali ya mwisho ya mfadhili.

Mkataba wa kampuni unaweza kupunguzwa kwa notisi fupi mliyokubaliana. Meneja wa kudumu anapopunguzwa kuna mashauriano, notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na kiinua mgongo cha siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Hizo ni haki zake na ni sahihi, ila ziwekewe akiba mapema. Sheria inaruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wanataaluma na mameneja, kwa hiyo asasi yenye ruzuku ya miaka mitatu inaweza kumwajiri kwa miaka mitatu bila kudanganyana. Mhasibu wa ndani ndiye anayebaki kwa kawaida, kwa mshahara uliokatwa, akijua kila faili lilipo. Mwaka ule wa 2025 niliwaona watu wa aina hii wakifunga miradi kwa heshima kubwa, baadhi yao wakiwa hawana uhakika wa mshahara wa mwezi uliofuata.

Ningechagua vipi

Kwa asasi ya ukubwa niliosema, chaguo langu la kwanza ni kumpandisha mhasibu aliyepo, kumpa msaidizi, na kununua siku mbili au tatu za kampuni ya nje kila mwezi kwa ajili ya kupitia usuluhishi wa benki, kodi na taarifa za wafadhili. Hesabu ya mfano haifiki milioni 33, na hakuna mtu mmoja anayeidhinisha, kushika, kuandika na kuhakiki fedha ileile. Hili linasimama kwa sharti moja tu: ile barua ya uteuzi. Kama bodi yenu haina mweka hazina anayeweza kusoma mizania, tafuteni huyo kwanza kabla ya kumpandisha mtu yeyote.

Ningeajiri meneja bila kusita mkianza kugawa ruzuku kwa asasi nyingine ndogo, maana hapo mmekuwa wafadhili na makosa yao ni madeni yenu. Vivyo hivyo mkiwa na wafadhili wanne au zaidi wenye mwaka wa fedha tofauti, au mkipokea sarafu mbili za kigeni. Na ningeanza na kampuni peke yake pale ambapo vitabu vimechafuka kiasi kwamba hakuna mtu mwadilifu atakayekubali kuvirithi. Miezi sita ya kusafisha, kisha mwamue upya. Hakikisheni ina usajili wa NBAA, na kwamba kampuni inayoandika vitabu vyenu haitakuwa ndiyo inayovikagua mwisho wa mwaka.

Yeyote mtakayemwita kwenye usaili, awe mgombea wa nje, mtu wa kampuni au mhasibu wenu mwenyewe, mwekeeni mezani taarifa za benki za miezi mitatu, bajeti za ruzuku mbili na orodha ya masurufu ambayo hayajarejeshwa. Mpeni saa mbili na swali moja: tutaishiwa mwezi gani, na fedha ya nani? Atakayewaomba mikataba ya zile ruzuku kabla hajafungua kompyuta, mwongezeeni muda.